Kuomba risiti si kumdhania mtu vibaya

Ndugu Mhariri,

Ile habari yenu ya shule binafsi za Kiislamu, yenye picha ya watoto wa sare nyeupe wamepiga safu uwanjani, niliisoma hadi mwisho nikageuza ukurasa nikidhani inaendelea. Mkuu wa shule kasema, mwenyekiti wa bodi kasema, mfadhili kasema, hata mwanafunzi mmoja kapewa sentensi yake ya kushukuru. Mzazi hakuulizwa kitu. Sisi tunaolipa tumetajwa mara moja tu, pale tulipohimizwa "kuwa na mwamko".

Sijawahi kuandika gazetini. Binti yangu yuko katika shule ya namna hiyo tangu chekechea, na muda wote huo nimenyamaza kwa sababu ile ile inayowanyamazisha wazazi wenzangu: tusiwape watu mwanya wa kuisema dini. Ukilalamikia shule nyingine, wewe ni mzazi mkorofi tu. Ukilalamikia shule ya Kiislamu, umeleta fitina. Sasa mwandishi wenu amekwenda, ameonyeshwa marumaru ya msikiti mpya, amesikilizishwa kisomo, akaandika "malezi bora ya kiroho na kitaaluma". Hapo uvumilivu ukanishinda.

Nisiwe mwongo, kisomo ni kizuri. Binti yangu anaitoa herufi pale inapotakiwa kutoka, anajua wapi pa idghamu na wapi pa ikhfaa, yaani wapi herufi iunganishwe na wapi ifichwe, na hesabu zake si haba. Sina mpango wa kumhamisha.

Mwanzoni mwa muhula nililipa ada taslimu dirishani, mkononi mwa mhasibu, pamoja na ule mchango wa jengo usio na mwisho. Nikaomba risiti. Nikaambiwa kitabu kimekwisha, kitaletwa, andika jina hapa kwenye daftari mama, sote ni ndugu. Nikaandika. Siku ya mtihani wa hifdhi, yaani wa kusoma Qur'ani kwa moyo, yakasomwa majina ya "wasiokamilisha", na la binti yangu likiwemo. Akatolewa darasani mbele ya wenzake, akaenda kuketi koridoni karibu na kabati la viatu, msahafu mapajani, akisikia wenzake wakiitwa mmoja mmoja kusoma. Nilipofika, mhasibu yule alikuwa ameshaacha kazi na daftari lake halijulikani liliko. Aliyeshika nafasi yake ni kijana mpole, akaniuliza kwa upole wake kama nina ushahidi. Nikapandishwa kwa mkuu wa shule. Nilipotamka tu neno risiti, akanisomea ile aya ya Suratul Hujurat inayotuonya tujiepushe na dhana. Kwa sauti nzuri kabisa, nakiri. Nami nikamkumbusha aya ya 282 ya Suratul Baqara, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inayojaza ukurasa wa 48 wa msahafu wa Madina kuanzia juu hadi chini, na shughuli yake kubwa ni kuandikiana: mkikopeshana andikeni, mwandishi asikatae kuandika, msichoke kuandika liwe dogo au kubwa, na mashahidi wawepo. Binti yangu ameihifadhi hapo hapo shuleni kwake, tena kwa ada yangu. Unajua alinijibu nini, Mhariri? Kwamba aya hiyo hiyo imewatoa wanaofanya biashara ya papo kwa papo, hao hawana lawama wasipoandika. Kweli imewatoa. Lakini biashara ya papo kwa papo ni nipe nikupe, tukaachana. Ada nimelipa wiki ya kwanza, masomo yenyewe yanaendelea mpaka mwisho wa muhula. Kama hiyo nayo ni papo kwa papo, basi mtoto angerudi nyumbani siku ile ile na cheti mkononi! Basi nikalipa tena. Ndiyo, mara ya pili, kwa fedha ya kukopa, kwa sababu mtihani ulikuwa unaendelea na mtoto yuko koridoni. Na safari hiyo pia kitabu cha risiti kilikuwa kimekwisha. Nikagoma kuondoka mpaka nikaandikiwa kwenye karatasi iliyochanwa katika daftari la mtoto la sayansi. Haina muhuri, haina namba, sahihi yake haisomeki. Ninayo.

Usiku nikaandika yote kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Majibu yakaja ya viganja vya dua. "Subira, dada." "Tuwaombee viongozi wetu." Mmoja akasema Mwenyezi Mungu atalipa. Sina shaka atalipa, lakini mimi naidai shule. Kufika asubuhi ujumbe wangu ulikuwa umefutwa na msimamizi wa kundi, ambaye ni mjumbe wa kamati. Ila faraghani, simu haikutulia. Huyu naye alilipa mara mbili, yule mwanawe alizuiliwa ripoti, mwingine hajui hadi leo mchango wa jengo ni wa jengo lipi. Wote wakamalizia kwa kuniomba nisiwataje.

Na tukiwa bado kwenye suala la fedha, niwasemee na masheikh wetu wanaofundisha. Ustadh wa hifdhi wa darasa la binti yangu aliondoka katikati ya mwaka bila kuaga, wakaambiwa watoto kwamba "amepata safari". Safari gani, wakati kila mtu anajua alikuwa anadai mishahara? Ni hadithi tunayofundishwa tukiwa wadogo, mpeni mwajiriwa ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na watoto wanayo kwenye kitabu chao. Lakini inaonekana jasho la mwalimu wa Qur'ani linakauka polepole kuliko la mwalimu wa hesabu. Huyu wa hesabu akicheleweshewa anagoma, na bodi inakutana siku hiyo hiyo. Wa Qur'ani anakumbushwa thawabu. Anaondoka, anakuja mwingine na utaratibu wake mwingine wa kudurusu, anawarudisha watoto mwanzo wa juzuu, nao wanachoka, kisha tunaambiwa sisi wazazi hatuwasimamii nyumbani.

Mkuu wa shule hawezi kumaliza hotuba bila kuitaja madrasa ya kale ya Nidhamiyya ya Baghdad, na namna Imamu Ghazali alivyoteuliwa kufundisha pale mwaka 1091. Haongezi kwamba Nidham al-Mulk, waziri aliyeiasisi, aliiwekea madrasa ile wakfu, mwalimu akawa na mshahara wake na mwanafunzi akapata posho na mahali pa kulala. Wakfu una hati, una msimamizi, una mashahidi. Wale watu waliandika. Sisi tumerithi hotuba.

Wapo watakaosema barua hii ingeishia ofisini, au kwa masheikh, si gazetini. Ofisini nimefika. Kwa sheikh nimefika pia, akanisikiliza vizuri, akaahidi kuzungumza nao, na baadaye nikamwona kwenye picha yenu, safu ya mbele, akikata utepe.

Mwandishi wenu akirudi kule, apite kwanza dirishani kwa mhasibu kabla hajapelekwa kupiga picha. Asiulize mambo makubwa. Aombe tu kuonyeshwa kitabu cha risiti.

Bodi nayo nina pendekezo kwake, wala si la gharama. Imege kidogo kutoka kwenye mchango wa jengo, inunue vitabu vya risiti vya nakala tatu, vyenye namba: nyeupe ya mzazi, ya njano ya mhasibu, ya tatu ibaki kitabuni kwa mkaguzi, siku akipatikana. Kisha ukurasa wa 48 upigwe chapa kubwa, utiwe fremu, utundikwe pale dirishani. Usitundikwe upande wa wazazi, sisi tumeshausoma. Utundikwe ndani, usawa wa macho ya mhasibu akiwa ameketi. Fedha ya fremu ikikosekana nitaitoa mimi, na nitaomba risiti.

Mama wa mwanafunzi wa darasa la sita