Barua kwa vijana wangu wa masta ya fasihi, Arusha na Moshi

Wanangu, salamu kutoka hapa Moshi. Mnaosoma karibu na nyumbani na nyie mnaopanda basi kwenda Dar au Dodoma, naomba mnisikilize maana jambo hili linaniuma.

Mnaniletea proposali nizipitie na nazisoma zote, ila sehemu ya nadharia naijua kabla sijafungua: iliasisiwa na fulani, ikaendelezwa na fulani, mihimili yake ni hii, basi. Halafu desertesheni ikikamilika nafika chapta ya nne, kwenye uchambuzi wenyewe, nadharia siioni tena, mmerudi kwenye dhamira na wahusika kama kidato cha sita. Sasa ile mihimili ilikuwa ya nini jamani?

Chukueni umuundo, nadharia inayoiangalia lugha na fasihi kama mfumo wa sehemu zinazotegemeana. Kila mtu anamtaja yule mwanaisimu wa Uswisi, anaandika Saussure (1916), wakati mzee wa watu alifariki 1913, kitabu hicho cha mihadhara yake kiliandaliwa na wenzake Bally na Sechehaye kwa kutumia madaftari ya wanafunzi waliomsikiliza darasani kule Geneva. Ukishajua hivyo lazima ujiulize lipi ni lake na lipi ni la walioandaa, na hapo ndo unakuwa umeanza kusoma nadharia. Kwenye desertesheni ya mwenzio uliyoitoa kopi steshenari hulipati hilo.

Someni wenyewe, hata kidogo kidogo. Insha ya mhakiki Mfaransa Roland Barthes ya 1967 kuhusu kifo cha mwandishi, yaani maana ya kazi haifungwi na nia ya aliyeiandika, ni kurasa chache tu, jioni moja unaimaliza. Ni ngumu, najua, ndo maana nasema kaeni wawili watatu muisome pamoja, mbishane kwa Kiswahili mpaka ieleweke.

Na kazi ya fasihi ianze, nadharia ifuate. Kijana mmoja alikuja na Nagona ya Kezilahabi (1990) akiwa kashachagua uhalisia, nadharia inayotaka fasihi ionyeshe maisha kama yalivyo, analalamika matukio hayana mtiririko, wahusika hawashikiki. Nikamwambia mwanangu, riwaya hii imeukataa uhalisia kwa makusudi, andika hapo hapo. Kezilahabi PhD yake alifanyia Wisconsin, Marekani, akamaliza 1985, na mada ilikuwa hiyo hiyo, falsafa ya Kiafrika na tatizo la kuifasiri fasihi. Aliwasoma Wazungu vizuri sana ndo akabishana nao, halafu akaja kuandika riwaya ya namna ile kwa Kiswahili chetu!

Proposali leteni tu, nipo. Ila safari hii kwenye nadharia nataka nione umesoma maandishi ya mwenye nadharia mwenyewe, ukurasa gani, na wewe unambishia wapi.