Tuchague barafu ipi?

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni. Jibu la safari yetu ya Alaska linatakiwa Ijumaa. Njia ni mbili.

Ya kwanza inaingia Glacier Bay. Ni hifadhi ya taifa, na meli kubwa za kitalii haziruhusiwi kuzidi mbili kwa siku, kwa hiyo hakuna msongamano. Wahifadhi hupanda melini na kutoa maelezo. Humo tutasimama mbele ya Margerie, ukuta wa barafu wenye upana wa kilomita 1.6 hivi. Hatushuki, tunatazama kutoka sitahani.

Ya pili inakwenda Hubbard, mto wa barafu, yaani barafu nene inayosogea polepole. Huo ni mkubwa kweli: urefu kama kilomita 120, na uso wake unaogusa bahari ni karibu kilomita 10. Tena wakati mito mingi ya barafu inarudi nyuma, huu unasonga mbele! Ila vipande vinavyoelea vikijaa, nahodha hugeuzia mbali, na hutamlaumu.

Mendenhall, mto mwingine wa barafu, msiupigie kura. Uko jirani na mji wa Juneau, njia zote mbili zinapita hapo, tutapanda basi kwenda kuuona.

Mimi naegemea ya kwanza. Sitaki Bibi asafiri kote huko aonyeshwe barafu kwa mbali.

Na siku hiyo msisubiri mshindo ndipo mgeuke: barafu ikikatika, sauti hufika mwisho. Makoti mazito, hata kama ni Julai.

Andikeni 1 au 2 hapa hapa, msinifuate inboksi.