Mama Musa, usilipe hizo herufi za sumaku kabla hujasoma hii

Mama Musa shoga yangu,

Asalaam aleikum. Habari za Busia, habari za mzee, Musa naye na hayo meno yake anaendeleaje? Huku Bombo sote wazima Alhamdulillah, mvua tu ndo inatusumbua, barabara ya kwetu imekuwa tope tupu na watu wa boda wanakataa kuingia. Najua nimekaa kimya toka Idd na una haki ya kuninunia, ila utaninunia nikija. Leo naandika mbio mbio maana nimeona ile picha uliotuma WhatsApp usiku, pakiti ya herufi na namba za sumaku unazotaka kujaza dukani, na ukasema Alhamisi unapanda basi kwenda Nairobi kuchukua katoni nzima. Ningekupigia lakini mtandao wa hapa unasikia neno unakosa neno, na mambo yenyewe mengi. Soma mpaka chini bambi, ndo utoe pesa.

Kwanza wazo lenyewe nalipenda sana. Usimsikilize Mama Faridah anaesema hivo vitu ni vya watu wenye friji. Friji ya nini? Uganda hii nani hana mlango wa chuma? Hata mwenye chumba kimoja cha kupanga mlango wake ni chuma, dirisha chuma, na mlango ndo kitu kikubwa kuliko friji yoyote, tena unafika chini kabisa pale mtoto anapokaa. Mwanangu Hawa herufi zake zote ziko mlangoni, anakaa kwenye mkeka anabandika anabandua, mi napika naongea naye. Ukuta wa mabati unashika. Mkebe wa maziwa ya unga unashika, sinia ya enameli inashika. Ajabu ni kwamba friji zenyewe kuna zinazokataa, zile za kisasa rangi ya fedha, chuma kisichoshika kutu kiko cha aina nyingi na nyingine sumaku haikitaki kabisa. Na sufuria zetu za alumini ndo bure, Hawa alihangaika na sufuria ya posho mpaka akakasirika, akageuka akaanza kujaribu vijiko kimoja kimoja, hiki kinashika, hiki hakishiki, na nyumba nzima ikawa maabara. Kwa hivo wateja utapata, waambie tu mlango unatosha.

Sasa shida. Kwenye hiyo picha kuna herufi moja imelala kifudifudi, nadhani ni R. Iangalie vizuri, ivute kwa kidole ikue. Unaona kule nyuma kuna kiduara kidogo cha sumaku kimeingizwa kwenye shimo? Hicho ndo kinanikosesha usingizi. Kile kiduara kimegandishwa kwa gundi tu, na gundi ya vitu vya bei ya chini unaijua, mtoto anarusha herufi kwenye sementi, anaitafuna, jua linapiga mlango, na siku moja kinatoka. Tulishapata hilo, kwenye ile nasari (chekechea) ninakofundisha baby class, darasa la wadogo kabisa. Jioni nakusanya vitu nikaona S ina shimo tupu. Nilihisi tumbo limeshuka chini banange. Watoto wameshaenda makwao, siwezi kujua nani alikuwa anaichezea mwisho. Tukatafuta mimi na yule dada wa jikoni, tukatoa mikeka yote nje, tukafagia, hakuna. Ndo yeye akasema teacha, sumaku inaenda kwa chuma, tuangalie chuma. Tukaikuta imeng'ang'ania mguu wa meza, upande wa ndani. Nikakaa chini nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Mbona nahangaika hivo kwa kitu kidogo kama punje ya hindi? Kwa sababu si kama kumeza kifungo au sarafu. Sumaku moja ikiingia peke yake mara nyingi inapita, inatoka. Lakini zikiwa mbili, au sumaku na kipande cha chuma, na hasa zikimezwa kwa nyakati tofauti, moja inakuwa kwenye utumbo wa mbele na nyingine nyuma, halafu zinavutana. Utumbo unabanwa katikati, damu haipiti, nyama inakufa, inatoboka. Na mtoto kwa nje unaona tu anatapika na analia tumbo, wewe unasema ni minyoo au malaria, unampa dawa unangoja. Huko Marekani mwaka 2006 kuna tois (vitu vya kuchezea) za kujenga za sumaku ziliondolewa madukani, mamilioni ya pakiti, baada ya mtoto wa miezi 20 kufa kwa namna hiyo hiyo. Sumaku kali zaidi ni za neodimiamu (aina ya metali), ndogo, zinang'aa kama fedha, nguvu zake hazilingani na udogo wake. Zile nyeusi za kawaida ni dhaifu kidogo lakini koo la mtoto halijali, atakabwa na nyeusi vilevile.

Kwa hivo ukimuuzia mtu, mwambie wazi: mtoto akimeza sumaku, au hata ukishuku tu, usimpe mafuta ya kuharisha, usingoje atoe chooni, mpeleke hospitali yenye mashine ya eksirei siku hiyo hiyo na uwaambie neno sumaku ukifika tu mlangoni. Naomba uliseme hilo kwa kila mteja. Hata kama anaharaka, hata kama ni yule mama mwenye makelele.

Sasa uchukue zipi. Chukua zile ambazo mgongo mzima ni sumaku, ile shiti nyeusi laini kama raba imebandikwa herufi yote kutoka juu mpaka chini. Hizo hazina kitu cha kuchomoka. Kuna za mbao zenye mgongo hivo, kuna za karatasi nene. Kama ni za plastiki basi ziwe zimefungwa kabisa, sumaku iko ndani haionekani, na ujaribu kuifungua kwa ukucha palepale dukani mbele ya muuzaji, akikasirika ondoka. Zile za sponji uziache, Hawa alipata moja kwa shangazi yake akaikata kipande kwa meno kabla hajasalimia watu. Ukubwa pia. Tumia kile kiini cha karatasi ya choo, kitu chochote kinachopita pale ndani ni kidogo mno kwa mtoto chini ya miaka mitatu. Halafu tazama pakiti, kuna kialama cha uso wa mtoto kwenye duara na 0-3 na mstari mwekundu umekatiza. Hiyo maana yake si ya hawa wadogo, na wewe wateja wako wengi ni mama wa hawa wadogo. Usidanganyike na picha ya mtoto mchanga anayecheka kwenye boksi.

Jambo la pili, na hili ndo mimi kama mwalimu naliona kila siku. Ile pakiti yako ina herufi 26, moja moja. Imetengenezwa kwa Kiingereza. Sasa we chukua hiyo pakiti ukae na Musa umwandikie MAMA. Huwezi! M ni moja, A ni moja. Baba huwezi, dada huwezi, kaka huwezi. Watu wote wa nyumbani mwake hawaandikiki. Hawa wangu jina lake lina A mbili, siku ya kwanza nilitaka kumwandikia jina lake mlangoni nikaishia HAW. Musa wako ana bahati, jina lake linaenea. Nenda kwenye miji: Jinja inataka J mbili, Kampala A tatu, Masaka tatu, Mbarara tatu, Entebbe inataka E tatu na B mbili. Kiswahili chetu na Kiganda vyote kila silabi karibu inaishia na irabu, kwa hivo A zinaisha kwanza, halafu I na U, na Q na X zinakaa hapo hazina kazi, Hawa Q anaifanya kijiko.

Ndo maana nakuomba utafute zile pakiti kubwa zenye irabu nyingi, zipo, wanaweka A nne tano. Ukikosa, ufunge mbili mbili uziuze kama seti moja, hata faida yako inakuwa nzuri. Ukiwa na A za kutosha unafanya kile walimu wetu wa zamani walitufanyia ubaoni, ba be bi bo bu, ila sasa mtoto mwenyewe anasukuma b kwa mkono mpaka igongane na a. Anaiona silabi inatokea. Hilo chaki haiwezi. Na kwa Kiswahili ukishajua a ni a, itabaki a popote uendako. Huko nasari nyingine wanawaimbisha ei bii sii toka asubuhi, mtoto akiona E anaita "i", akiona I anaita "ai", halafu unamwambia soma "embe" anakuangalia tu. Mimi baby class naanza na sauti, majina ya Kiingereza yatakuja yenyewe middle class, darasa linalofuata, hakuna anaetufukuza.

Na ziwe herufi ndogo, au mchanganyiko. Vitabu vimeandikwa kwa herufi ndogo, mtoto akizoea kubwa peke yake akifungua kitabu anaona wageni. Utaniambia ndogo zinachanganya, ni kweli, n ukiipindua ni u, p ukiizungusha inakuwa d, 6 inakuwa 9. Mimi naweka kastika kadogo kekundu chini ya kila moja, mguu huo, mguu unakaa chini. Wanaelewa haraka sana.

Namba fupi tu: pakiti nyingi wanaweka 0 mpaka 9 moja moja, hata 11 huwezi kuandika. Lakini kwa mtoto wa miaka miwili hilo si neno. Mi nabandika 3, chini yake tunapanga vijiko vitatu, basi. Wazazi wananijia wanataka mtoto ahesabu mpaka mia, anahesabu kama kaseti, ukimwambia niletee viazi viwili anakuletea beseni. Wacha ashike, wacha apange rangi nyekundu na nyekundu, hata asipotaja herufi moja mwezi mzima. Naumia nikiona mtoto mdogo anapigwa kwa ajili ya herufi, tena wa jirani yetu pale, lakini hilo tutaongea tukikutana, ni refu na sitaki kuliandika.

Aa nilitaka kusahau, jua. Kama mlango wa mteja unatazama magharibi, saa tisa ule mlango unawaka, herufi zitolewe mchana ziwekwe kwenye mkebe. Joto linalegeza gundi na ndo tunarudi kwenye kile kiduara changu. Kila Ijumaa mimi nazipitia zote, nabonyeza nyuma, yenye ufa natupa, sitaki huruma. Waambie wateja na hilo pia. Najua unasema huyu ananipa kazi ya udaktari na mi nataka kuuza tu, lakini dukani kwako watu wanakuamini wewe, ukisema hii si nzuri wanasikia kuliko wakisikia mimi.

Sasa niambie. Huyo muuzaji wa Nairobi anakubali ufungue pakiti moja kabla ya kulipa? Za mgongo mzima bei yake ikoje, inazidi sana zile za kwenye picha? Irabu za ziada zinauzwa peke yake au lazima pakiti? Forodha watakusumbua kwa katoni moja au unapita na mizigo ya kawaida? Na je, katoni ile ulishaweka hata kidogo cha pesa? Kama umeweka niambie leo leo tuone unabadilisha vipi. Mimi nataka seti nne za herufi ndogo kwa ajili ya nasari na moja ya Hawa, pesa nakutumia kwa mobail mani ukishanipa bei, utoe na ya kutolea. Mama Faridah naye anataka sasa, baada ya maneno yote yale. Yule kaka wa Tororo bado anapitisha mizigo mpaka Bombo au aliacha? Na ile habari ya dada yako na Mbale imeishia wapi, mbona ulinikatia katikati?

Nijibu kabla hujapanda basi, hata kwa sauti. Msalimie mzee, mbusu Musa.

Ni mimi,
Mama Hawa, Bombo