Usafi wa Jumamosi hauwafikii mbu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu mbu wa jiji hili, hasa wakati huu wa masika ambapo karibu kila mtaa unalalamika kwamba haujapelekewa mashine ya kupuliza dawa. Malalamiko hayo nayaelewa, lakini tija yake ni ndogo. Dawa inayopulizwa hewani humuua mbu anayeruka saa ile ile. Viluwiluwi vilivyomo majini haviguswi, na baada ya siku chache wengine huwa wamekwisha kuota mabawa, huku sisi tukibaki na harufu ya dawa katika vyombo, mabanda ya kuku na vifua vya watoto.

Tangu mwaka 2016 Jumamosi ya mwisho wa mwezi imekuwa siku ya usafi nchi nzima. Asubuhi hiyo watu hufagia mbele ya nyumba, hufyeka nyasi na kuzibua mitaro, na kiongozi wa mtaa akipita akaona barazani kunang'aa, huridhika akaenda zake. Uani hafiki mtu. Isitoshe, kwa joto la Dar es Salaam yai la mbu huchukua siku saba hadi kumi kuwa mbu kamili, kwa hiyo pipa linaloangaliwa mara moja kwa mwezi linaweza kutoa mbu mara kadhaa kabla ya Jumamosi nyingine kufika. Nyasi tunazofyeka kwa bidii zote hizo ni mahali pa mbu kupumzika tu, hazaliwi humo.

Mbu anayeeneza homa ya dengi, ugonjwa uliolitikisa jiji letu mwaka 2014 na tena mwaka 2019, huuma mchana na hupenda maji masafi. Kwa sababu ya mgao wa maji, nyumba nyingi huweka akiba katika mapipa, ndoo na simtanki, na hapo ndipo anapopata makazi. Hutaga mayai yake kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, nayo huonekana kama punje nyeusi za masizi. Mayai hayo hustahimili ukavu kwa miezi, ndiyo maana kumwaga maji na kujaza mengine hakusaidii sana: chombo lazima kisuguliwe kwa brashi au kwa mchanga, kila wiki, kisha kifunikwe kwa kifuniko kisichoacha upenyo au kwa kitambaa kilichofungwa kwa mpira. Vifuu vya nazi, makopo, sahani za chini ya vyungu vya maua na tairi kuukuu tunazozichimbia nusu ardhini ili kupamba bustani zote zimo katika hesabu hiyo. Tairi itobolewe chini ili maji yatoke, au ijazwe udongo. Kwa kuwa mbu huyu kwa kawaida hasafiri zaidi ya mita mia chache, anayekuuma mezani mchana huenda amezaliwa uani kwako au kwa jirani yako.

Yule anayetunyima usingizi kwa kelele masikioni ni mwingine, naye huzaliana katika maji machafu: vyoo vya shimo, chemba zenye mifuniko iliyopasuka na makaro. Ndiye pia anayeeneza matende na mabusha katika mwambao wetu. Wengi hulifunika karo kwa zege zito wakalisahau bomba la kupumulia, ambalo kwa mbu ni mlango ulio wazi usiku na mchana. Kipande cha wavu wa dirishani kilichokazwa kwa waya kwenye mdomo wa bomba hilo kinatosha, nacho hugharimu chini ya boksi moja la dawa ya mbu ya kuchoma. Kule Makunduchi, Unguja, miaka ya 1980, watafiti walimwaga chembe nyepesi za plastiki katika vyoo vya shimo; chembe zilielea na kufunika uso wa maji, viluwiluwi vikakosa hewa, na mbu wakapungua sana bila sumu yoyote.

Kuna njia mbili zinazodhaniwa kuwa hazina madhara ambazo ningependa tuziache. Ya kwanza ni kumwaga oili chafu ya gereji kwenye madimbwi. Huua viluwiluwi, ni kweli, lakini hupenya ardhini, na mitaa mingi bado inategemea visima vifupi. Ya pili ni kuchoma dawa ya mbu chumbani huku madirisha yamefungwa: watafiti waliopima moshi huo mwaka 2003 walikuta kwamba koili moja inaweza kutoa chembechembe nyingi kama sigara 75 hadi 137. Mchaichai nao tuupande kwa ajili ya chai, maana mmea uliosimama bustanini haumfukuzi mbu.

Kwa maji yasiyoweza kumwagwa wala kufunikwa, kama madimbwi yanayokaa kati ya matuta ya viazi na bustani za mchicha katika bonde la Msimbazi, ambako mbu wa malaria huzaliana, ipo dawa ya bakteria wanaoua viluwiluwi bila kumdhuru binadamu, samaki wala kuku. Kiwanda cha viuadudu hivyo tunacho Kibaha, kilichojengwa kwa teknolojia ya Cuba, na jiji hili lilianza mpango wake wa kudhibiti malaria mjini kwa kushambulia mazalia tangu mwaka 2004. Hatuanzi gizani.

Ombi langu kwa wenyeviti wa serikali za mitaa na wajumbe wa nyumba kumi ni kwamba siku ya usafi ukaguzi uingie hadi uani, kwa adabu na kwa ruhusa ya wenye nyumba, mapipa yafunuliwe na mabomba ya karo yatazamwe. Na kwamba kila mtaa utenge siku moja ya wiki, Jumapili asubuhi kwa mfano, ya kusugua vyombo vya maji. Fedha za kupuliza dawa zikipatikana, zinunue kwanza viuadudu vya Kibaha kwa ajili ya mabondeni.

Mkazi wa Mburahati,
Dar es Salaam.