Risala ya Wakulima wa Mwani na Wavuvi kwa Mheshimiwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Sheha wetu,
Masheikh, wazee wetu na wageni waalikwa,
Assalaam alaykum.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha, na wewe tunakushukuru kwa kuvuka maji kuja kutufungulia banda letu la kukaushia mwani. Karibu sana Pemba, karibu kisiwani kwetu.

Kazi yetu inakwenda na maji. Bamvua likifika, yaani siku za maji kupwa na kujaa sana, akinamama wanashuka pwani alfajiri, wanafunga mbegu, wanavuna, na wanapandisha mapolo, magunia ya mwani, kichwani kabla maji hayajajaa. Mwani mbichi ni mzito, na ukikosa pa kuuanika karibu unaharibika.

Mheshimiwa, nyuma ya banda hili umepita kwenye vigingi viwili vya saruji. Ni vya tajiri aliyekodishwa ardhi ya upande ule. Kutoka hapo mpaka kwenye mikoko kapiga senyenge, uzio wa waya wa miba, na njia ya pwani waliyoipita mabibi zetu imo ndani yake. Akinamama sasa wanazungukia kwenye mawe makali, polo kichwani, huku maji yanajaa. Wavuvi nao wameondoshwa dagoni, kambi yao ya pwani. Walipokuja kupima, waliihesabu minazi na wakailipia fidia. Chanja za kuanikia hazikuhesabiwa, kisima hakikuhesabiwa, njia haikuhesabiwa.

Sheria ya Umiliki wa Ardhi Namba 12 ya 1992 inasema ardhi ya Zanzibar ni ya umma, na mwekezaji hukodishwa tu. Wazee waliokaa mbele yako wanakumbuka kabla ya Mapinduzi ya 1964, mtu alipokuwa akiishi kwenye shamba la tajiri kwa hisani yake. Wanakumbuka pia furaha ya eka tatu tatu walizogawiwa wananchi baada ya Mapinduzi. Inatuuma wajukuu zao kuomba ruhusa kwa mlinzi ili wafike baharini.

Hatumkatai mwekezaji, vijana wetu wanahitaji ajira. Tunachokikataa ni kupewa habari za kisiwa chetu baada ya mkataba kutiwa saini. Kisiwa cha Misali hapo jirani kiliwahi kutakiwa kwa hoteli. Wavuvi walisimama kidete, Serikali ikawasikia, na mwaka 1998 kikatangazwa eneo la hifadhi. Wavuvi wakaendelea kupiga dago pale. Kwa hiyo tunajua kwamba kusikilizwa kunawezekana.

Tunaomba ramani na mkataba visomwe hadharani, hapa hapa, kwa Kiswahili. Tunaomba upimaji urudiwe wazee wakiwepo, kwani wao ndio wanaoijua mipaka na makaburi. Na mwekezaji mwenyewe tunamkaribisha barazani, maana hadi leo tumeonana na walinzi wake tu.

Maombi ya kamba, tai-tai (vikamba vya kufungia mbegu za mwani) na boti tumeyaandika kwenye karatasi ya pili. Hayo, Mheshimiwa, tunaweza kuyasubiri. Njia ya pwani tunaomba ifunguliwe kabla ya bamvua lijalo.

Ahsante kwa kutusikiliza.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi