Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Semina zimefanyika, programu mpya zimewekwa kwenye maktaba yetu, na mweka hazina atasoma hesabu zake. Hayo mnayafahamu. Naomba muda wenu kwa jambo lililozua maneno mengi: uamuzi wa kamati yangu kuacha hatua sawa, yaani kugawa muda katika vipande vya urefu uleule, katika programu za milinganyo ya intigrali ya daraja la sehemu, yaani milinganyo ambayo jibu la sasa hutegemea majibu yote ya nyuma na ambayo daraja lake ni sehemu, kama 1/2.

Tangu mwanahisabati Abel aushughulikie mlinganyo wa aina hii mwaka 1823, tabia ya kiini chake, yaani kipimo cha mchango wa wakati uliopita s katika jibu la wakati t, inajulikana: (t−s) kwa kipeo −1/2 hukua bila kikomo s inapoikaribia t. Kwa sababu hiyo jibu huanza na mteremko usio na kikomo pale t = 0. Ukigawa muda kwa hatua sawa, usahihi hukwama kwenye daraja 1/2, yaani kosa hupungua kwa kipeo 1/2 tu cha urefu wa hatua, hata utumie polinomia ya kipeo kikubwa kiasi gani katika kila hatua. Kupunguza kosa kwa nusu hudai nukta mara nne. Ukizipanga nukta kwa T(n/N)⁴, T ikiwa muda wote, N idadi ya hatua na n namba ya nukta, zikabanana mwanzoni, vipande vya mstari tu hurudisha daraja 2: nukta mara mbili, kosa robo. Programu hiyo niliiandika mwenyewe, usiku, bila posho, nikaipima kwa mlinganyo ambao jibu lake kamili ni e^(πt)·erfc(√(πt)), erfc ikiwa kitendakazi cha hisabati ambacho thamani zake zinajulikana. Matokeo mlitumiwa nyote.

Waliopinga walisema tumepoteza kasi. Ni kweli, hatua sawa huruhusu mbinu ya haraka ya Fourier, njia ya kukokotoa jumla nyingi kwa pamoja, na kazi ya N² hushuka hadi N(log N)². Ni kweli pia kwamba mwanahisabati Lubich, mwaka 1986, alionyesha namna ya kusahihisha mwanzo kwa uzito maalumu, yaani vizidishi vya ziada kwa nukta za mwanzo, bila kuacha hatua sawa. Lakini daraja la mlinganyo likiwa 1/10, mfumo wa kuupata uzito huo huyumba, na makosa madogo ya kufupisha desimali huvimba. Sikuwa tayari kuwapa wanafunzi wetu namba za haraka zisizoaminika.

Kinachonisikitisha ni kwamba wengi wa waliolalamika hawakuja kwenye kikao kilichopitisha uamuzi. Akidi ilitimia kwa kupigiana simu. Ada nayo imelipwa na chini ya nusu yetu, na seva ni ya kulipia kila mwaka. Nawasihi, lipeni kabla ya kuondoka leo.

Mwakani, Mungu akijalia na fedha zikipatikana, tunatarajia kugusa milinganyo ambayo daraja lake hubadilika kadiri muda unavyokwenda, na kuwakaribisha walimu wa sekondari.

Nawasilisha.
Mwenyekiti