Joho la Mtoto: Pambeni Kwanza, Mshone Baadaye

Desemba ikikaribia, akina mama na walimu wa shule za Jumapili huanza kupita dukani kwetu Mwanjelwa, Mbeya, kuulizia kitambaa cha majoho: ya malaika, ya wachungaji, ya mamajusi. Wengi hutuachia sisi kazi yote. Wapo wanaotaka kutengeneza na watoto wao nyumbani, na hao ndio ninaowaandikia, maana joho likifuliwa mara moja nyota za rangi zikaenda na maji, lawama huja kwetu.

Kosa mara nyingi liko kwenye kitambaa. Poliesta inang'aa na haijikunji, lakini rangi haiingii ndani ya uzi wake. Chukua amerikani, kitambaa cha pamba tupu. Kama una shaka, chomoa uzi mmoja uuchome: wa pamba huacha majivu kama ya karatasi, wa poliesta huyeyuka ukabaki kidonge kigumu. Amerikani mpya nayo ina dondo linalozuia rangi, kwa hiyo ifue kwa sabuni kabla ya kukata. Itarudi kidogo, na ni afadhali irudi sasa.

Pima kutoka begani hadi juu kidogo ya kifundo cha mguu, zidisha mara mbili, ongeza sentimita 10 za upindo. Kwa mtoto wa miaka sita hivi, mita mbili kwa kawaida zinatosha. Kunja katikati, mkunjo ndio mabega. Tundu la shingo lianze dogo, na mpasuo mfupi mbele ili kichwa kipite. Dogo utaliongeza. Kubwa utalifanyaje?

Ubavuni usishone kwanza. Kitandaze kitambaa chote juu ya magazeti, uwaite watoto waje kugonga picha kwa mhuri.

Hapa kuna mtego. Mtoto atagonga picha zote zikitazama upande mmoja, halafu ukikunja begani, za mgongoni zinasimama kichwa chini. Sisi tulijifunza kwa joho la samaki, na mwenyewe alilivaa hivyo hivyo kwa raha zake. Chora mstari wa chaki begani, kisha waambie vichwa vya picha vielekee kwenye mstari kutoka pande zote mbili.

Mhuri ni kiazi, na Mbeya kiazi hakikusumbui kukitafuta. Kikate nusu, mtoto achore nyota, kisu ushike wewe: punguza pembeni hadi nyota isimame juu. Kikaushe kwa kitambaa, kwani maji yake huifanya rangi kuwa nyepesi. Paka rangi ya kitambaa kwa sponji, mguso wa kwanza uende kwenye karatasi.

Mvua za huku zikishaanza, rangi hukauka polepole. Anika ndani, iache hadi kesho yake, kisha piga pasi isiyo na mvuke upande wa nyuma, dakika chache kila sehemu, kwa kufuata maelekezo ya kopo. Hiyo pasi ndiyo inayoishikiza rangi, na ndiyo wengi wanayoiruka.

Kiunoni mkanda wa kitambaa unatosha. Shingoni usiweke kamba. Na kwa baridi yetu hii, joho lisisogee karibu na jiko la mkaa wala mshumaa, hata kama ni la pamba.

Kama huna cherehani, tuletee kitambaa kikiwa kimeshapigwa pasi. Tutashona ubavu na upindo, na michoro ya watoto hatutaigusa.